Kisu cha kwanza cha jikoni na porini: namna ya kukichagua

Mimi ni mpishi wa kambi. Nakaa Uyole, Mbeya, na kazi yangu ni kuwapikia wanaopanda Rungwe, wanaoshuka kuona ziwa Ngosi na wanaokwenda Kitulo kwenye maua. Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza wanunue kisu gani, kimoja tu, cha kutumia nyumbani na mlimani. Hapa naeleza ninavyowaelekeza.

Ninachozungumzia ni kisu kisichokunjwa. Cha kukunja kinafaa mfukoni, lakini ukikatia kuku nacho, damu na mafuta huingia kwenye bawaba, na ukiwa kambini na maji ya kidumu kimoja huwezi kuisafisha vizuri. Kisicho na bawaba unakisugua, unakisuuza, unakifuta, basi.

Hatua ya 1: Taja kazi zako kabla ya kwenda sokoni

Chukua karatasi uziandike. Zangu ni hizi: kumenya ndizi mbichi na viazi, kukata vitunguu, nyanya na kabichi, kugawa kuku wa kienyeji, kupasua mbasa anayetoka Kyela, kukata kamba, kuchonga vigingi vya hema, kuchana vijiti vikavu vya kuwashia moto.

Utaona kwamba sikuandika kupasua kuni. Video nyingi za Ulaya na Marekani hufundisha kupasua gogo kwa kisu huku ukikigonga mgongoni kwa kipande cha mti, ndiyo maana visu vingi wanavyovisifu ni vinene. Sisi tuna panga. Lipo kila nyumba, lipo kila kambi, na kuni ni kazi yake. Kwa kuwa panga limebeba kazi nzito, kisu chako kinaweza kuwa chembamba, na kisu chembamba ndicho kinachokata. Ukilielewa hili umemaliza nusu ya uchaguzi.

Hatua ya 2: Pima unene wa mgongo

Kabla ya kutazama urembo, chapa au rangi ya mpini, geuza kisu utazame mgongo wake. Nenda na rula. Unaotaka ni milimita 2 hadi 3. Ukifika 4, rudisha mezani.

Kisu changu cha kwanza kilikuwa na milimita 5 na meno ya msumeno mgongoni. Nilikipenda kwa sababu kilionekana cha kijeshi. Safari ya kwanza ya Ngosi nilikata karoti, zikapasuka badala ya kukatika, vipande vikaruka majanini. Vitunguu viliminywa mpaka wote tukatoa machozi. Kisu kinene ni kabari: makali yanaingia, halafu bapa linasukuma pande mbili na kuvunja chakula. Unaweza kukinoa usiku kucha, bado kitapasua.

Sasa kielekeze ncha kwenye jicho lako, kwa mbali, utazame bapa linavyopungua. Kuna visu ambavyo bapa hupungua taratibu kutoka mgongoni hadi kwenye makali. Hivyo ndivyo vizuri zaidi kwa chakula. Kuna vingine ambavyo bapa limenyooka, kisha karibu na makali linateremka ghafla kama paa. Visu vya Mora vya Sweden vingi viko hivyo. Hivi vinachonga mti vizuri sana, na mwanafunzi hujifunza kuvinoa haraka kwa sababu ule mteremko unakaa wenyewe juu ya kinoo. Kama ni chembamba, milimita 2 na nusu au chini yake, vitunguu navyo kitakata bila shida kubwa.

Hatua ya 3: Urefu na ncha

Bapa la sentimita 10 hadi 12. Fupi zaidi ya hapo kabichi itakusumbua, refu zaidi ya hapo kumenya kutakusumbua. Ncha iwe moja, iliyonyooka, na mgongo usiwe na meno.

Hatua ya 4: Chagua chuma

Kuna chuma cha kaboni na kuna kile kinachoitwa kisichoshika kutu. Cha kaboni hunoleka kwa urahisi, lakini utomvu wa ndizi, kitunguu na ndimu hukitia weusi, na ukikiacha na maji usiku mmoja asubuhi kina kutu. Ule weusi si uchafu, na ukitulia husaidia kidogo kuzuia kutu nyekundu. Kile kingine nacho hushika kutu, ila kwa kuchelewa, hasa ukikiacha na chumvi.

Mvua zetu huanza Novemba na kufika Mei. Tukuyu mvua ya mwaka hupita milimita 2,000. Kwa anayeanza, na kwa hali hiyo ya hewa, nashauri kisichoshika kutu. Cha kaboni kije baadaye, mkono ukishazoea kufuta na kupaka mafuta.

Wauzaji wengine watakuletea sumaku wakuambie kikinasa si chenyewe. Usiamini. Chuma kisichoshika kutu cha visu hunasa sumaku kama kawaida. Kisichonasa mara nyingi ni kile cha vijiko na masufuria, ambacho hakiwezi kukazwa, yaani kufanywa kigumu kwa kupashwa moto na kuzamishwa, kikashika makali.

Na visu vya wahunzi wetu? Ukimpata mhunzi mzuri, utapata kisu kitakachodumu. Nyanda hizi zina historia ndefu ya chuma: Wafipa wa Rukwa waliyeyusha chuma kwenye matanuru marefu ya udongo yaitwayo malungu. Leo mhunzi huchukua springi ya gari, nayo ni chuma kizuri, kina kaboni ya kutosha kukazwa. Lakini kuna wanaotumia nondo. Nondo ya kawaida ina kaboni kidogo, hata uipashe moto na kuizamisha mara kumi haikazi, na makali yake hulala baada ya kumenya ndoo moja ya viazi.

Kwa hiyo muulize mhunzi: umetumia springi au nondo? Umezamisha kwenye mafuta au maji? Baada ya kuzamisha ulikipasha tena moto mdogo? Asiyekipasha tena anakupa kisu kinachovunjika kama kigae. Kisha omba ruhusa upitishe tupa taratibu karibu na mpini, pembeni mwa makali. Tupa ikiteleza, chuma kimekazwa. Ikiuma na kutoa unga kama inavyouma msumari, mshukuru uondoke.

Hatua ya 5: Msuka na mpini

Msuka ni ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Ulio salama kabisa ni ule unaoonekana pande zote za mpini, umebanwa kwa ribiti. Uliofichika nao unafaa ikiwa unapita robo tatu ya mpini. Usiotakiwa ni kipande kifupi kilichochomelewa kwenye bapa. Shika bapa kwa kitambaa kinene, tikisa mpini kwa nguvu, sikiliza. Kikitoa mlio wowote, acha.

Halafu omba maji, lowanisha kiganja, ukamate mpini kama unayetaka kuchonga. Kidole kisiteleze kwenda kwenye makali. Wengi hujikata kwa kuteleza, huku wakiwa na mikono ya mafuta ya kuku. Mpini wa mbao au wa plastiki ngumu yenye mikwaruzo ndio naupenda. Wa chuma kitupu uache: Kitulo mwezi wa Juni umande huganda asubuhi, na mpini wa chuma unauma vidole hata hujui umeshika nini.

Hatua ya 6: Ala

Tumbukiza kisu kwenye ala, pindua, tikisa. Kisianguke. Ala ya plastiki iwe na tundu chini la kutolea maji. Ya ngozi ni nzuri kuvaa, ila hunyonya unyevu, kwa hiyo nyumbani kisu kilale nje ya ala.

Hatua ya 7: Nunua kinoo siku hiyohiyo

Kama fedha haitoshi vyote viwili, nunua kisu cha bei nafuu pamoja na kinoo. Ukiambulia kisu cha bei kubwa bila kinoo, ndani ya mwezi utakuwa na kipande butu cha bei kubwa.

Usipeleke kisu kwenye grenda. Fundi mmoja alininolea hivyo kwa dakika mbili. Cheche ziliruka, makali yakageuka rangi ya bluu. Bluu ile ina maana chuma kimefika nyuzi joto 300 hivi, na ukazaji umeondoka hapo. Ilinibidi nisage sehemu ile yote mpaka iishe.

Kinoo kiwe na pande mbili, upande wa chenga na upande laini. Kilowanishe. Simamisha kisu wima juu yake, hizo ni nyuzi 90. Kilaze nusu, 45. Kilaze nusu tena, 22 hivi. Hapo ndipo pako, isipokuwa kisu chenye mteremko kama wa Mora: hicho fuata mteremko wake unavyokaa juu ya kinoo. Upande wa chenga, pitisha kama unayetaka kukata utando mwembamba juu ya kinoo, kutoka mpini hadi ncha, upande mmoja mpaka usikie kwa kidole gumba, upande wa pili, ukingo mdogo unaokwaruza. Kidole kipite kutoka mgongoni kwenda nje, kamwe kisifuate urefu wa makali. Ukingo ukiupata kila mahali, geuza. Kisha rudia upande laini kwa mkono mwepesi, ukibadilisha upande kila mpito. Malizia kwenye mkanda wa ngozi, ukivuta kinyumenyume.

Weka nyanya mbivu kwenye ubao, uweke makali juu yake, vuta bila kubonyeza. Ngozi ikifunguka, umemaliza.

Hatua ya 8: Wiki ya kwanza iwe jikoni

Usikipeleke mlimani kabla hujapika nacho siku saba. Osha kwa mkono, futa palepale, na kama ni cha kaboni paka tone la mafuta ya alizeti, si oili ya gari. Ukichonga, kaa na magoti pembeni. Usichonge katikati ya mapaja, mishipa mikubwa ya damu iko pale. Kwenye basi kiwe ndani kabisa ya begi, na ukiruka kutoka uwanja wa Songwe kiende na mzigo wa chini ya ndege. Hifadhini usikate mti ulio hai.

Wiki ikiisha, tazama makali kwenye mwanga wa dirisha. Yakiwa yamemeguka vidogovidogo, noa tena ukiinua kisu nyuzi mbili au tatu zaidi. Yakiwa yamejikunja upande mmoja, chuma ni laini; kitakufaa kumenyea ndizi nyumbani, ila cha mlimani tafuta kingine.