Jinsi ya Kuandika Riwaya ya Upelelezi ya Vijana Yenye Msiba na Siri ya Familia

Miswada mingi ya aina hii ninayoisoma ina ugonjwa mmoja. Msiba unatokea sura ya kwanza, upelelezi unaanza sura ya tatu, na kuanzia hapo havikutani tena. Kijana aliyefiwa analia kidogo, kisha anageuka askari kanzu. Mwongozo huu unaviunganisha tangu mwanzo, kwa sababu ya kiufundi kabisa: hakuna mahali pazuri pa kuficha kidokezo kuliko ndani ya huzuni. Msomaji akimwona mfiwa ameshika kitu cha marehemu, anamwonea huruma, hahoji. Na asipohoji, umempata.

Nitatumia mfano niliotunga kwa ajili ya somo hili: binti wa miaka 16 ambaye baba yake amefariki kwa ajali ya gari, kwenye barabara ambayo hakuwa na shughuli nayo.

Hatua ya 1: Andika siri kwanza, riwaya baadaye

Kabla ya sentensi ya kwanza ya riwaya, andika historia ya siri yenyewe kwa ukurasa mmoja au miwili, kama ilivyotokea, si kama itakavyofichuliwa. Katika mfano wetu: kabla hajaoa, baba alizaa mtoto wa kiume katika nchi nyingine. Mke wake alijua tangu siku za uchumba. Wakakubaliana kwamba binti aambiwe atakapotimiza miaka 16, kaka yake akiwa amekaa naye sebuleni. Baba alipata ajali akienda kumpokea kijana huyo uwanja wa ndege. Kijana akasubiri hadi usiku, hakuna aliyetokea.

Sasa jiulize nani anajua, nani anashuku tu, na nani amedanganya kwa maneno gani hasa. Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Siri ya familia haitunzwi kwa ukimya mtupu; ina sentensi zake ambazo watu wamezikariri. Mama akiulizwa marehemu alikuwa anakwenda wapi, hujibu, "Alikuwa na shughuli za kazi upande ule." Binti akimuuliza shangazi wiki mbili baadaye, akajibiwa neno kwa neno vilevile, atajua kuwa watu waliketi wakapatana. Hapo hujahitaji barua iliyofichwa wala sanduku lenye kufuli.

Halafu sababu ya kuficha. Mama wa mfano wetu hana ubaya. Ahadi ilikuwa ya watu wawili, mmoja amekufa, na kumtaja mtoto wa nje wakati baba bado analiliwa anaona ni kumvua nguo marehemu. Ikiwa msomaji hawezi kusema "hata mimi ningenyamaza", siri yako haijaiva, irudishe jikoni.

Hatua ya 2: Punguza swali

"Nani alimuua?" ni swali la watu wazima wenye mamlaka. Kijana huanza na swali dogo linalomkera: baba alikuwa anafanya nini kwenye barabara ile? Liandike mahali unapoliona kila siku. Sura isiyolisogeza swali hilo, wala kuligeuza, ina mzigo usiojulikana ni wa nani.

Hatua ya 3: Mpe mpelelezi wako mipaka ya umri wake

Hapewi faili la polisi, hapewi taarifa za benki, haendeshi gari, na akichelewa kurudi nyumbani anaulizwa. Usimpe rafiki mdukuzi wa kompyuta kila mambo yanapokwama. Anachokuwa nacho ni ukaribu: anajua mlango upi unalia, droo ipi hufungwa, mama hubadilisha sauti akiongea na nani. Upelelezi wake ujengwe hapo.

Hatua ya 4: Usiipange huzuni kwa ngazi

Waandishi wengi huchukua zile hatua tano, yaani kukana, hasira, kujadiliana, huzuni nzito na kukubali, wakampandisha mhusika moja baada ya nyingine. Elisabeth Kübler-Ross, aliyezitangaza mwaka 1969, aliziandika kutokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wanakabili kifo chao wenyewe. Kama mifupa ya riwaya ya mfiwa, mimi sizishauri. Zinamfanya mhusika atabirike, na mhusika anayetabirika ni sumu kwenye upelelezi.

Kinachomfaa zaidi mwandishi ni wazo la Margaret Stroebe na Henk Schut, la mwaka 1999: mfiwa huyumba kati ya kuukabili msiba na kushughulikia maisha yanayoendelea, huku na huko, hata ndani ya siku moja. Huo ni mdundo wa sura uliokwisha kutengenezwa. Leo binti anavuta harufu ya shati la baba. Kesho yake anacheka mpaka machozi yanamtoka kwa utani wa darasani, kisha anajichukia njia nzima kurudi nyumbani. Vidokezo vidogo vitie kwenye siku za kucheka. Msomaji naye amelegea siku hizo.

Jambo moja nje ya ufundi. Kama kifo katika hadithi yako ni cha kujiua, usieleze mbinu wala usiikaribie. Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo kwa vyombo vya habari unaosisitiza jambo hilo hilo, na wasomaji wako ni vijana.

Hatua ya 5: Kila kidokezo kifanye kazi mbili

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Kidokezo kizuri katika riwaya hii husema jambo kuhusu kisa, na wakati huo huo huonekana kuwa ni huzuni tu.

Tuseme baba aliacha saa ya mkononi iliyo nyuma kwa saa mbili. Ukweli wake: aliivaa ili ajue kule aliko mwanawe ni saa ngapi. Rasimu ya kwanza huandikwa hivi:

*Niligundua kwamba saa ya baba ilikuwa nyuma kwa saa mbili. Ajabu! Kwa nini?*

Umeshaharibu. Alama ya kuuliza imemshika msomaji mkono na kumpeleka kwenye kidokezo. Jaribu hivi:

*Walitukabidhi pochi, saa yake iliyokuwa nyuma kwa saa mbili kama siku zote, na kiatu kimoja. Nikauliza cha pili kiko wapi. Hakuna aliyenijibu.*

Kidokezo kimekaa katikati ya vitu vitatu, "kama siku zote" imekifanya cha kawaida, na kiatu kimebeba machozi yote. Sura kadhaa baadaye kirudishe tena, bado kikiwa kimevaa msiba: fundi anajitolea kuirekebisha saa bure, binti anarudisha mkono nyuma. Baba aliiacha hivyo, itabaki hivyo. Msomaji ataona upendo. Ni upendo kweli, na ndiyo sababu mtego haumkasirishi anapoutambua.

Fanya vivyo hivyo na simu ya marehemu. Mama anaichaji kila jioni. Tunadhani hawezi kumwachilia mumewe. Kumbe anasubiri kujua kama yule kijana atapiga.

Weka daftari lenye safu tano: ukurasa, kidokezo, binti anakielewaje leo, ukweli wake, kitarudi wapi. Kidokezo kilichotajwa mara moja tu huonekana kimechomekwa. Kikitajwa mara nne kinapiga kelele. Mbili au tatu zinatosha.

Hatua ya 6: Potosha kwa haki

Mwaka 1929 Ronald Knox, padri wa Kiingereza aliyeandika hadithi za upelelezi, alitoa kanuni kumi za mchezo huo. Nyingine zimechakaa, lakini ile inayomkataza mpelelezi kupata kidokezo bila msomaji kuonyeshwa papo hapo bado ina nguvu. Nyingine inakataza kutoa mapacha ambao msomaji hakuandaliwa kwa ujio wao. Ndugu wa siri yuko kwenye fungu hilo hilo. Akidondoka ukurasa wa 240 bila saa, bila simu, bila ile sentensi ya mama na shangazi, umemdhulumu msomaji.

Njia za uongo nazo zisiishie hewani. Binti akimshuku baba mdogo kwa sababu hakuja mazikoni, akute kwamba alikuwa na deni kwa marehemu na akaona haya kusimama mbele ya watu. Dhana yake imeanguka, ila tumeijua familia zaidi.

Na binti naye awe na lake. Baba alimpigia asubuhi ya ajali, binti akaikata simu kwa sababu walikuwa wamegombana. Ukisimulia kwa nafsi ya kwanza, anaruhusiwa kulikwepa jambo hilo, kudanganya hapana. "Simu iliita mara mbili asubuhi hiyo, kisha nikaenda kuoga" ni kukwepa. "Sikuzungumza na mtu asubuhi hiyo kwa kuwa simu haikuita" ni uongo, na msomaji hatakusamehe.

Hatua ya 7: Fichua kidogo kidogo

Usimwache mama akae chini na kuhutubia kurasa tatu. Watu waliotunza siri miaka mingi huiangusha kwa bahati mbaya:

*"Mama, simu ya baba unaichaji ya nini?"*
*"Ina picha zake, mwanangu."*
*"Picha nilishazihamisha. Ulinituma wewe."*
*Akachomoa waya, akauzungusha vidoleni. "Huwa anapiga Jumapili."*
*"Nani?"*

Kata sura hapo. Kitenzi "anapiga" kimefanya kazi ya hotuba nzima.

Siri ya mama itoke karibu na theluthi mbili ya riwaya. Theluthi iliyobaki ni ya yale yanayofuata: binti kumtafuta kaka ambaye miezi yote amejilaumu kwa kifo cha baba, na kumwambia yeye, kabla ya mtu mwingine yeyote, habari ya simu aliyoikata.

Hatua ya 8: Pima

Riwaya nyingi za vijana huwa kati ya maneno 50,000 na 80,000. Rasimu ikizidi sana, sura za njia za uongo ndizo za kwanza kukatwa. Kisha wape wasomaji wawili au watatu wa rika la mhusika. Usiwaulize kama wameipenda. Waombe waweke alama mahali walipoanza kushuku kuna mtoto mwingine. Alama zikikusanyika mapema mno, fungua daftari uone ni kidokezo gani kiko hapo. Si lazima ukifute. Kihamishie katikati ya sentensi, ondoa alama ya kuuliza, na weka kitu cha kulilia pembeni yake.