Jinsi ya Kupanga Gharama za Usafirishaji Bei ya Mafuta Inapoyumba

Bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kwa Tanzania Bara hubadilika Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, saa 6:01 usiku, kwa tangazo la Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA. Asubuhi yake mwenye kirikuu (gari dogo la mizigo) wa Kariakoo, mwenye mashine ya kusaga ya dizeli na mwenye boti ya uvuvi kule Kilwa huanza kazi wakiwa na gharama ambayo jana hawakuwa nayo, ilhali wateja wao bado wana bei ya zamani kichwani. Wengi huumia hapo, kwa kuwa hawajui kupanda huko kumewagharimu kiasi gani kwa kila safari, na wanaogopa kumtajia mteja bei mpya wasiyoweza kuitetea.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye chombo kimoja au viwili na asiye na mhasibu. Unaonyesha namna ya kukisia bei inaelekea wapi kabla haijatangazwa, na namna ya kukokotoa malipo ya kazi ili kila shilingi inayoongezeka kwenye pampu iwe na mahali pake kwenye hesabu yako. Mwenye daladala au basi hana uhuru wote huu, kwa kuwa nauli zake hupangwa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, lakini hesabu ya matumizi iliyoelezwa hapa chini inamfaa yeye pia.

Elewa kwanza bei inajengwa na nini

Tanzania haizalishi mafuta ghafi, na TIPER ya Kigamboni, iliyokuwa ikisafisha mafuta miaka ya nyuma, siku hizi ni maghala ya kuhifadhia. Kila lita ya petroli unayonunua imefika kwa meli ikiwa imeshasafishwa ng'ambo, ikashushwa Dar es Salaam, Tanga au Mtwara, chini ya mfumo wa uagizaji wa pamoja unaosimamiwa na wakala wa serikali, PBPA. Utegemezi huu ni wa muda mrefu. Wazee wanakumbuka enzi ambazo magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana ili kuokoa mafuta. Bomba la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, halibadilishi jambo hili kwa mnunuzi wa kawaida, kwa sababu limekusudiwa kubeba mafuta ghafi ya kupakiwa melini na kusafirishwa nje, na gari haliendeshwi kwa mafuta ghafi.

Kwa hiyo bei ya pampu ina tabaka kadhaa. Chini kabisa ipo bei ya bidhaa katika soko la Ghuba ya Uarabuni, inayohesabiwa kwa dola. Juu yake kuna gharama za kuyaleta mafuta, yaani premiamu ambayo wazabuni huishindania, kisha thamani ya dola kwa shilingi, kisha kodi na tozo za serikali, kisha faida ya wauzaji na usafiri wa kutoka bandarini hadi wilayani kwako. Tabaka mbili kati ya hizo ndizo zinazoyumba sana, nazo ni bei ya dunia na dola, na zote mbili mtu yeyote mwenye simu anaweza kuzifuatilia.

Chukua kanuni hizi mbili na uziandike kwenye jalada la daftari lako. Ya kwanza: pipa moja lina lita 159, kwa hiyo pipa likipanda kwa dola 10, kila lita imepanda kwa takriban senti 6.3 za dola, na dola ikiwa shilingi 2,600 hiyo ni kama shilingi 160 kwa lita. Ya pili: ikiwa lita moja inafika bandarini kwa senti 60 za dola, basi kila dola inapopanda kwa shilingi 100, lita inapanda kwa shilingi 60, hata kama bei ya dunia haijatikisika. Watu husahau hii ya pili. Kati ya mwanzo wa 2023 na katikati ya 2024 dola ilitoka shilingi 2,300 hivi hadi kupita 2,600, na kwa kanuni hii hapo peke yake pana karibu shilingi 180 za ziada kwa kila lita. Makadirio haya hayatalingana na tangazo hadi shilingi ya mwisho, kwa kuwa petroli na dizeli hazifuati mafuta ghafi hatua kwa hatua, lakini yanatosha kukuonyesha mwelekeo na ukubwa wa badiliko.

Zingatia pia kuchelewa. Mafuta unayojaza leo yalinunuliwa wiki nyingi zilizopita, na kwa kawaida badiliko la soko la dunia hulifikia tangazo la EWURA baada ya mwezi mmoja hadi miwili. Ukisikia kwenye taarifa ya habari kwamba pipa limeporomoka wiki hii, usishushe bei yako kwa mteja Jumatano inayofuata; na likipaa, umepata wiki kadhaa za kujiandaa. Lipo na jambo jingine linalowakera wengi bila sababu: kodi na tozo za mafuta kwa sehemu kubwa ni kiasi maalumu cha shilingi kwa lita, hazipungui bei ya dunia inapopungua. Ndiyo maana mwaka 2020, pipa liliposhuka chini ya dola 20 mwezi Aprili, bei ya pampu ilishuka kweli katika miezi iliyofuata lakini haikushuka kwa uwiano uleule.

Soma tangazo kwa mstari wa wilaya yako

Vichwa vya habari hutaja bei ya Dar es Salaam, nayo haimhusu mtu wa Kasulu. Tangazo kamili lina bei za kila wilaya kulingana na bandari inayopokelewa mafuta yake, na wilaya za mbali kama Kyerwa mkoani Kagera huwa miongoni mwa zenye bei za juu kabisa. Unaweza kupata bei ya eneo lako bila malipo kwa kupiga *152*00# na kufuata maelekezo. Kumbuka kwamba hicho ni kikomo: kituo kinaruhusiwa kuuza chini ya hapo na hakiruhusiwi kuuza juu yake, kwa hiyo mtu anayejaza lita 20 kila siku ana sababu nzuri ya kulinganisha mabango ya vituo vilivyo kwenye njia yake. Dai stakabadhi ya pampu kila mara, hakikisha namba zimeanzia sifuri, na tazama kama stika ya Wakala wa Vipimo ipo na haijapitwa na wakati.

Msomaji wa Kenya atumie tarehe 14 ya kila mwezi, ambapo EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta ya huko, hutangaza bei za kuanzia tarehe 15, na akumbuke kwamba kwake mafuta yana VAT, iliyopandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 mwezi Julai 2023, ambayo hupanda pamoja na bei yenyewe.

Pima kazi yako kwa lita

Hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi. Jaza tenki hadi pampu ijikate yenyewe, kisha andika namba ya kilomita iliyo kwenye dashibodi. Fanya kazi zako za kawaida, foleni na mizigo ikiwemo, halafu rudi kituo kilekile ujaze tena hadi pampu ijikate. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Tuseme kirikuu kimetembea kilomita 240 na kimepokea lita 20. Kinatembea kilomita 12 kwa lita. Rudia kipimo hicho kila mwezi, kwa kuwa matairi yenye upepo mdogo, kichujio cha hewa kichafu au plagi zilizochoka huonekana kwenye daftari kabla hazijaonekana barabarani, na lita unayookoa kwa kufanya sevisi haitegemei soko la Ghuba.

Sasa chukua safari moja. Kwenda na kurudi kutoka Kariakoo hadi Bagamoyo, pamoja na mizunguko ya mjini, ni kama kilomita 144, yaani lita 12. Petroli ikiwa shilingi 3,000, mafuta ya safari hiyo ni shilingi 36,000. Ikipanda hadi 3,300 yanakuwa 39,600. Ikiwa ulikuwa ukitoza shilingi 90,000, nyongeza unayoihitaji ni shilingi 3,600 tu, sawa na asilimia 4, ingawa mafuta yamepanda kwa asilimia 10. Ukiongeza asilimia 10 nzima, umemtoza mteja 9,000 na amepata sababu ya kumtafuta mwenzako. Usipoongeza chochote, safari 25 za mwezi zimekula shilingi 90,000 kutoka mfukoni mwako, yaani malipo ya safari nzima. Kati ya makosa haya mawili, la pili ndilo ninaloliona zaidi, na linawafukarisha watu wenye bidii kubwa.

Mteja wa kudumu mwandikie maelewano, hata kama ni karatasi moja yenye sahihi mbili. Maneno haya yanatosha: «Malipo ya safari ni shilingi 90,000, yamekokotolewa kwa petroli ya shilingi 3,000 kwa lita. Bei kikomo ya wilaya ikibadilika kwa zaidi ya shilingi 100, malipo yataongezwa au kupunguzwa kwa lita 12 zikizidishwa na tofauti hiyo.» Neno «kupunguzwa» lisiachwe, na bei ikishuka litekelezwe bila kusubiri kudaiwa, kwa sababu mteja aliyewahi kurudishiwa shilingi 2,400 hatabishana siku utakapomwomba 3,600.

Usifunge mkataba wa mwaka kwa kutegemea ruzuku. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza mwezi Februari na pipa kupita dola 120, petroli jijini Dar es Salaam ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na kuanzia Juni serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Msaada ule ulikuwa mkubwa, lakini haukuwa wa kudumu, na haikufaa mtu kuufanya msingi wa bei yake ya miezi 12.

Kwa upande wa uhaba, kama ule wa 2023 ambapo ukosefu wa dola uliwasumbua waagizaji na baadhi ya vituo vikafungiwa kwa kuficha mafuta, kinga ya mtu mdogo ni kutoruhusu tenki lishuke chini ya nusu. Kuweka petroli kwenye madumu ndani ya nyumba si kinga. Mvuke wake hutambaa chini na kulifikia jiko lililo chumba cha pili.

Kabla ya kuhamia gesi

Gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay inachimbwa hapa nchini, na ndiyo njia ya wazi zaidi kwa mwenye bajaji au gari dogo la Dar es Salaam kupunguza lita za ng'ambo katika kipato chake. Kilo moja ya CNG, yaani gesi asilia iliyoshindiliwa, ina nishati ya karibu lita moja na nusu ya petroli. Bajaji inayokunywa lita 5 kwa siku kwa shilingi 3,000 hutumia 15,000. Kwa gesi itahitaji kilo 3.3 hivi, na kilo ikiwa shilingi 1,550 hiyo ni takriban 5,200. Unaokoa kama 9,800 kwa siku, na ufungaji ukigharimu shilingi milioni 2, fedha yako imerudi baada ya siku 204 za kazi.

Fungiwa mfumo na karakana iliyoidhinishwa, na udai cheti cha mtungi. Lakini kabla hujalipa, nenda kwenye kituo cha gesi utakachokitumia, saa zilezile ambazo utakuwa ukijaza, na uhesabu muda wa foleni. Ikiwa kusubiri kutakugharimu safari mbili kwa siku zenye faida ya shilingi 3,000 kila moja, akiba yako imebaki 3,800, na siku 204 zimekuwa 526. Mwenye hesabu ya namna hiyo ni afadhali aiweke fedha yake na kusubiri kituo kingine kifunguliwe karibu na kijiwe chake.