Namna ya kupima jukwaa la data za fedha ukiwa Kampala, kabla ya kusaini mkataba

Jukwaa la data za fedha ni programu ya kulipia inayokupa bei na hesabu za hisa na hatifungani. Muuzaji wake akija ofisini atakufungulia hisa za Apple na Microsoft, na kila kitu kitang'aa. Mwombe azifunge, halafu ufuate utaratibu huu.

Hatua ya 1. Orodhesha kazi zako za kila siku. Wengi wanaosimamia mifuko ya pensheni hapa Uganda wameweka fedha nyingi kwenye hatifungani za serikali (mikopo ya muda mrefu kwa serikali, yenye riba) kuliko kwenye hisa. Hao waanzie Bloomberg na LSEG Workspace, iliyochukua nafasi ya Eikon. Anayeshinda kwenye Excel akichambua hesabu za kampuni aangalie FactSet na S&P Capital IQ Pro. Anayewekeza kwenye kampuni ambazo haziko kwenye soko la hisa, PitchBook.

Hatua ya 2. Dai akaunti ya majaribio. Maonyesho ya muuzaji hayatoshi.

Hatua ya 3. Liulize jukwaa mambo ya soko lako. Hapa usiwe na haraka. Tafuta KCB, benki ya Kenya ambayo imeorodheshwa Nairobi na pia kwenye Soko la Hisa la Uganda. Nairobi hisa hiyo inauzwa kila siku. Kampala inaweza kukaa muda mrefu bila mtu kuigusa. Fungua ile ya Kampala uone kama jukwaa linakupa tarehe ya mauzo ya mwisho, au linarudia bei ya zamani kana kwamba ni ya leo. Ukiipakua hivyo kwenye Excel na kukokotoa kuyumba kwa bei, hisa itaonekana tulivu kabisa, kumbe haina wanunuzi.

Kisha weka EABL, kampuni ya bia, na MTN Uganda, kampuni ya simu, kwenye jedwali moja. Mwaka wa hesabu wa EABL huishia Juni, wa MTN huishia Desemba. Jukwaa lisipoweza kuzipanga kwa miezi 12 ileile, kazi hiyo utaifanya kwa mkono kila robo mwaka.

Ukiwa hapo hapo kwa MTN, tazama asilimia ya hisa zilizo mikononi mwa umma. Kampuni mama, MTN Group, iliuza hisa kwa umma kwa shilingi 200 mwaka 2021, ikauza nyingine kwa shilingi 170 mwaka 2024. Ukikuta bado asilimia ya 2021, basi hakuna anayefuatilia Kampala.

Hatua ya 4. Chagua hatifungani moja, linganisha faida inayoonyeshwa na matokeo ya mnada yaliyotangazwa na Benki Kuu ya Uganda. Halafu jaribu kuingiza kodi ya zuio, inayokatwa kabla hujalipwa: asilimia 20 ya riba, au 10 kwa hatifungani za miaka 10 na kuendelea. Tofauti hiyo hugeuza uamuzi wa kununua, na wauzaji wengi huwa hawajawahi kuulizwa.

Hatua ya 5. Sasa bei. Bloomberg hupita dola 20,000 kwa mwaka kwa mtumiaji mmoja. Wengine wengi bei yao ni ya kupatana, kwa hiyo patana. Kumbuka ankara inakuja kwa dola na wewe ada zako unazipata kwa shilingi. Soma vifungu vitatu bila kuruka: mkataba kujiongeza wenyewe, kikomo cha kupakua data, na ruhusa ya kuweka takwimu hizo kwenye ripoti za wateja. Kwa ofisi ndogo, mimi ningelipia leseni moja tu, na bei za Kampala nizichukue moja kwa moja kwenye taarifa za soko lenyewe.