Jinsi ya kujua upanga wako wa ajabu ajabu umetoka wapi

Umeachiwa upanga, au umeuokota mnadani, na haufanani na kitu chochote unachokijua. Kikinga mkono kina mabawa ya popo, joka limejiviringisha kwenye mpini, kitakoni, yaani mwisho wa mpini, kuna jiwe jekundu, ubapa una meno meno kama msumeno, na kila mtu nyumbani ana maelezo yake, huyu anasema ulikuwa wa mfalme fulani, yule anasema umetoka kwenye gemu. Mimi nimepita huko. Wa kwangu nilikaa nao karibu mwaka mzima nasechi "upanga wa joka", nikaangalia majoka mpaka nikawa nayaota, kumbe jibu lilikuwa limekaa sehemu ya upanga ambayo haina joka hata moja.

Iko hivi: mapambo ndo kitu cha kwanza kuigwa. Kiwanda kimoja kikitoa kikinga cha mabawa na kikauza, baada ya muda mabawa yale yale yatatoka kwenye viwanda vingine vinne. Kinachomchomea utambi mtengenezaji ni zile sehemu ambazo hakutegemea uziangalie, yaani maungio, skrubu, na herufi ndogo ndogo. Kwahiyo anza huko, majoka yatasubiri.

Kabla hujagusa chochote, usiusugue. Najua mkono unawasha kuutoa ule weusi lakini maandishi mengi kwenye panga hizi yamechorwa juu juu tu kwa asidi au leza, ukipitisha msasa mara mbili umeshafuta jina la aliyeutengeneza. Na kama bahati imekuangukia ukawa ni wa kale kweli, ule weusi ni sehemu ya thamani yake. Futa vumbi na kitambaa kikavu, inatosha.

Haya, herufi. Zima taa ya chumbani, washa tochi ya simu, ilaze pembeni kabisa mwanga uteleze juu ya chuma, usimulike kwa mbele. Angalia pande zote mbili za ubapa, vidole vitatu vinne kutoka kwenye kikinga, alafu chini ya kikinga chenyewe, kitakoni, kwenye mdomo wa ala, na kama una kile kibao cha kutundikia ukutani kigeuze nyuma, watu huwa wanasahau kibao. Mimi kwenye wa kwangu kulikuwa na mkwaruzo mmoja niliuona kila siku nikajua ni mkwaruzo, siku nilipolaza tochi ukageuka herufi S na L, mwishowe ikasomeka STAINLESS, imeandikwa kichwa chini miguu juu, na chini yake namba ambayo nusu imefunikwa na kikinga.

Neno hilo moja limeshakuambia mengi. Chuma kisichoshika kutu, yaani stenlesi, kilianza kujulikana kibiashara baada ya kazi ya Harry Brearley pale Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, kwahiyo upanga wenye ubapa wa stenlesi hauwezi kuwa wa zama za mashujaa wa farasi hata muuzaji aape kwa miungu yote. Ukiona "Rostfrei" ni jambo hilo hilo kwa Kijerumani. Ukiona 420 au 440 hiyo ni aina ya stenlesi, sio mwaka na sio namba ya upanga, na wengi wanaanguka hapo. Jina la nchi kama China, Taiwan, Pakistan au India linakupa mahali ulipotengenezwa, ila kampuni iliyouagiza inaweza kuwa bara lingine kabisa. Ikiandikwa W. Germany, yaani Ujerumani Magharibi, basi ni kati ya 1949 na 1990. "Toledo" iogope kidogo, maana mji huo wa Hispania una sifa ya panga kwa karne na karne na jina lake linabandikwa hata kwenye vitu ambavyo havijawahi kuuona, lakini likiambatana na jina la kampuni kama Marto hapo una kitu cha kufuatilia. Namba ya bidhaa ikianza na herufi UC iangalie kwenye bidhaa za United Cutlery wa Marekani, ikianza na KR ni michoro ya Kit Rae aliyekuwa akiwabunia hao hao. Namba iliyokaa kama sehemu, mfano 312/5000, ina maana ulitoka kwa toleo lenye idadi maalum, na mara nyingi ulikuja na cheti. Alafu mwaka ulio pembeni ya ile alama ya haki miliki ni wa mchoro, upanga wenyewe unaweza kuwa umetoka kiwandani miaka kadhaa baadaye.

Hamna herufi? Usikate tamaa, twende kwenye chuma.

Chukua sumaku. Stenlesi za panga za mapambo nyingi, hizo 420 na 440, zinanasa. Kikinga na kitako mara nyingi havinasi kwasababu ni zinki iliyochanganywa na madini mengine ikamiminwa kwenye kalibu. Na kitu cha kalibu kina ushahidi wake, pitisha ukucha ubavuni mwa joka utausikia mstari mwembamba unaopanda na kushuka pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, hata wakiupiga msasa huwa wanausahau nyuma ya masikio na chini ya mabawa. Kama ubapa nao haunasi, inawezekana ni zinki kama hiyo hiyo, na ukiwa mwepesi kwa unene wake huenda ni alumini. Denix wa Hispania kwa mfano wanajulikana kwa mifano ya silaha ya namna hiyo ya zinki.

Unene nao unasema. Ubapa uliotengenezwa kwa ajili ya kazi huwa unapungua kadri unavyoelekea nchani, lakini wa ukutani mara nyingi umekatwa kwenye bamba moja, unene ule ule mwanzo mwisho, ndo maana ukiushika kichwa kinazama mbele kama umeshika mtaimbo. Upanga halisi wa mkono mmoja kwa kawaida ni kama kilo moja mpaka moja na nusu. Wa fantasia unaweza kupita hapo kwa mbali na bado ukawa hauna kazi.

Sasa kitako. Jaribu kukizungusha taratibu, kama kinafunguka, fungua, ila piga picha kila hatua ujue kurudisha. Wangu ulifunguka kwa kelele ya mchanga, nikavuta mpini, nikakuta mkia wa ubapa umekatwa mfupi kama kidole gumba, alafu kikachomelewa chuma chembamba chenye nyuzi za skrubu, ile sehemu ya kuchomelea imevimba kama tonge la ugali lililokauka na kutu imeanza pembeni. Nilikaa kimya dakika nzima, maana wiki moja kabla nilikuwa nauzungusha sebuleni mbele ya watoto. Panga za hivi hukatika pale pale na ubapa unaruka, kwahiyo USIUPUNGE. Lakini faida ya kuvua mpini ni kwamba ile nusu ya namba iliyokuwa imefichwa ikatoka yote. Na ukikuta skrubu za bisibisi ya nyota jua hizo zimeanza kusambaa miaka ya 1930, juzi tu hapo.

Tahadhari moja lakini, ajabu haimaanishi ya kubuni. Kuna panga halisi ambazo ukiziona utaapa zimetoka kwenye katuni: ngulu ya Kongo yenye mdomo kama ndoano, shotel ya Ethiopia iliyopinda kama mundu, kris ya huko Indonesia na Ufilipino yenye ubapa wa mawimbi. Na kuna zile zenye kichwa cha shujaa mwenye kofia ya chuma kitakoni na misalaba kila mahali, watu wanadhani ni za vita vya msalaba, nyingi ni za vyama vya undugu vya Marekani, yaani klabu za wanachama zenye sare na sherehe zao, za karne ya 19 na mwanzo wa 20, za gwaride. Hizo tafuta majina ya watengenezaji kama Ames au M.C. Lilley kwenye ubapa, na mara nyingi kuna jina la mwenye upanga limechorwa katikati. Ukihisi wako uko kundi hili usifungue chochote, mpelekee mtu wa makumbusho au mnada wa silaha za kale.

Sasa ndo uyarudie majoka. Tandika shuka la rangi moja, piga picha upanga mzima, alafu kikinga peke yake, kitako peke yake, ala peke yake. Kwenye Google Lens, ile ya kutafuta kwa picha, weka kipande cha kikinga tu, ukiweka upanga mzima itakuletea kila upanga duniani. Pima urefu wote na urefu wa ubapa, tafuta na kwa Kihispania na Kijerumani, na pitia minada iliyokwisha, sio matangazo ya kuuza tu. Wauzaji watatu wakisema jina moja usihesabu mashahidi watatu, wamenakiliana. Wewe hesabu vitu: miiba mingapi kwenye bawa, matundu mangapi kwenye ubapa, magamba yanaishia wapi. Nakala iliyotolewa kwenye nakala huwa magamba yake yamekuwa butu kama sabuni iliyotumika, na vipimo vimepungua kidogo.

Ila kitu kimoja kisipofanana usiutupe ulinganisho wote, maana panga hizi zimeanguka kutoka kwenye kuta nyingi na zimerekebishwa na mikono mingi. Wa kwangu nilipoingiza ile namba kamili ukaja na kila kitu, mabawa, miiba saba, mpaka pindo la mkia wa joka, isipokuwa jiwe, kwenye picha zote jiwe lilikuwa bluu. Nikalibandua lile jekundu kwa kisu cha siagi. Nyuma lilikuwa na matundu manne, kifungo cha koti.