SOMO: Kitalu cha mboga uani kwa sisi wa Mtwara na Lindi, na kwa nini miche inakufa ikiwa tayari imekua

Kila mwaka mvua zikikaribia napata swali lile lile: "Miche yangu ilikuwa mizuri kabisa, nimeihamisha imekufa yote, nimekosea wapi?" Mwaka huu limeanza hata maembe hayajaiva. Nimejibu watu kumi na kitu mmoja mmoja kwa simu, nimechoka. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Nazungumzia nyanya chungu, bilinganya na pilipili, yaani mboga za kuanzia kitaluni. Mchicha, bamia, kunde na maboga panda moja kwa moja, havihitaji haya yote. Nyanya zenyewe sizigusi wakati wa mvua, ukungu unazimaliza; nasubiri mvua ziishe na kusi ianze kuvuma.

Halafu jamani, sisi huku tuna msimu mmoja tu wa mvua. Unaanza Novemba au Desemba, unaishia Aprili au Mei mwanzoni, na katikati, Januari au Februari, mara nyingi kuna siku kadhaa za ukame. Ukichukua kalenda ya vuli na masika ya mtu wa Tanga ukaifuata kwenye uwanja wako wa Magomeni ya Mtwara au Mingoyo ya Lindi, utaumia.

Hatua ya 1. Mahali. Karibu na maji, pasiwe chini ya mwembe wala mkorosho.

Hatua ya 2. Tuta. Upana mita 1 ili mkono ufike katikati bila kukanyaga, kimo sentimita 15 hadi 20, urefu unavyoweza. Mchanga wetu haushiki maji, kwa hiyo tuta la mita 2 nalitilia ndoo mbili za lita 20 za samadi iliyooza vizuri. Ukiikamata samadi mkononi bado ina joto au inanuka mkojo, iache, itaunguza mbegu.

Hatua ya 3. Mbegu. Chora mistari ya kina cha sentimita 1, umbali wa sentimita 10 hadi 15 kati ya mstari na mstari. Mwaga mbegu kwa kuachanisha, fukia kidogo, tandaza nyasi kavu juu. Zikianza kuchomoza tu, nyasi za juu ya mistari ziondoke siku hiyo hiyo, zibaki zile za kati ya mistari.

Hatua ya 4. Kivuli. Chanja ya fito na makuti. Upande wa mashariki iwe juu, kama mita 1, upande wa magharibi ishuke. Jua la asubuhi liingie, la alasiri lizuiwe. Kuna jambo dogo ambalo nimeliona kwa kuchuchumaa pale baada ya mvua: mvua ikishakatika, makuti yanaendelea kudondosha matone makubwa, mazito kuliko ya mvua yenyewe, kila tone mahali pale pale. Yanachimba vishimo kama vya kidole na kurusha mchanga mpaka kwenye majani ya miche. Ndiyo maana nimesema nyasi za kati ya mistari zibaki.

Hatua ya 5. Maji. Asubuhi na jioni kwa keni. Siku ya mvua usimwagilie.

Hatua ya 6. Kuzoesha miche jua. HAPA NDIPO MNAPOUA MICHE.

Nilikosea hapa mimi mwenyewe, tena nikiwa najiona najua. Miche ilikuwa na wiki ya tano, majani manne hadi matano, inapendeza. Siku tatu mfululizo mawingu, manyunyu asubuhi, manyunyu jioni. Nikasema mvua zimeshika sasa, kivuli cha nini? Nikaondoa makuti yote kwa mkupuo mmoja, nikaenda msibani Nanyamba. Saa nne jua likatoka. Niliporudi saa tisa alasiri miche yote ilikuwa imelala upande mmoja, kingo za majani nyeupe kama zimemwagiwa maji ya moto, na udongo wa juu ukiugusa kidole kinajirudisha chenyewe. Kwa hofu nikavuta mpira wa maji nikamwagilia. Mpira ulikuwa umeshinda juani, maji ya mwanzo yalitoka yanachoma. Nadhani hayo ndiyo yaliyomaliza ile iliyokuwa inaweza kupona. Katika miche kama mia mbili niliokoa kumi na moja.

Kwa hiyo nisikilizeni. Mche uliokulia kivulini una jani laini, hauna kinga ya jua. Kinga inajengwa na jua lenyewe, kidogo kidogo. Siku mbili za kwanza funua kuanzia alfajiri hadi saa mbili, kisha rudisha makuti. Siku mbili zinazofuata fikisha saa nne. Mbili nyingine ongeza na jioni, kuanzia saa kumi. Kisha anza kupunguza makuti, toa moja, acha moja, na siku mbili za mwisho uache wazi mchana kutwa. Wakati huo huo punguza maji, usubiri udongo wa juu ukauke kabla ya kumwagilia tena, ili shina likomae.

SIKU YA MAWINGU HAIHESABIWI. Kama siku ya tatu kumekucha na wingu, siku ya tatu ni kesho. Mche haujajifunza chochote siku hiyo. Mvua zetu za mwanzo zina tabia hiyo, zinanyesha siku mbili ukaamini, kisha jua kali wiki nzima. Hesabu jua, usihesabu tarehe.

Na makuti uliyoyatoa yaweke pembeni ya tuta. Usiyapeleke jikoni kuwashia moto kabla miche haijahama.

Hatua ya 7. Kuhamisha. Jioni, kila mche na bonge lake la udongo, maji hapo hapo.

Hatua ya 8. Ndege na kuku. Chandarua cha zamani kilichofuliwa kitandwe juu ya fito tangu siku ya kupanda. Tetere wanaokota mbegu, kuku wanafukua tuta zima. Kingo zake zibane kwa mawe, ndege asije akaingia akanasa.

Maswali karibuni.

---

Kijana wa Chikongola: Asante kwa somo mkuu. Sasa kivuli natoa lini?

Mwandishi: Hatua ya 6.

Kijana wa Chikongola: Nimeona ni ndefu, naomba kwa ufupi tu.

Mwandishi: Ufupi wake ndio ulioniua miche mia na themanini na tisa. Soma.

Mama Rehema, Lindi: Shikamoo kaka. Mimi niko karibu na bahari. Nina mambo mawili. Kaskazi ikivuma inang'oa makuti, na miche yangu majani yanaungua kingoni hata kabla sijafunua kivuli. Hivi hilo nalo ni jua?

Mwandishi: Marahaba dada yangu. Umeuliza vizuri, kwa sababu umeangalia kwanza. Kama inaungua ikiwa kivulini, si jua. Unamwagilia maji ya kisima?

Mama Rehema, Lindi: Ndiyo, cha hapa uani. Yana chumvi kidogo, tunafulia tu, sabuni haitoi povu.

Mwandishi: Basi ni hiyo chumvi. Maji yanakauka, chumvi inabaki kwenye udongo, kila siku inaongezeka, na jani linaanzia kuungua kingoni. Mvua ya kwanza ikinyesha kinga maji ya bati kwenye pipa, lakini acha kwanza mvua ioshe vumbi la paa. Maji hayo yawe ya kitalu peke yake. Tuta la futi chache halinywi maji mengi, pipa moja litakufikisha mbali. Ya kisima tumia kwa minazi, yenyewe inavumilia. Ama upepo: usifunge makuti juu ya fito tu. Weka fito nyingine juu yake, uyabane katikati kama mkate, kisha funga zote mbili pamoja. Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitangaza upepo mkali, yashushe yote ulaze chini. Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024 na barabara ya Dar ikakatika upande wa Kilwa, nilishukuru kuwa na mboga zangu uani, na zilibaki kwa sababu hapakuwa na kitu juu yake cha kuziangukia.

Mama Rehema, Lindi: Mungu akubariki. Pipa ninalo, lilikuwa limekaa tu.

Mzee wa Newala: Mimi nafuga miche mwaka wa ishirini huu, sijawahi kuweka chanja wala kuhesabu siku. Mnafanya kilimo kionekane kigumu.

Mwandishi: Shikamoo mzee. Ninyi mko juu ya uwanda wa Makonde, asubuhi kwenu kuna ukungu na ubaridi. Huku chini mchanga mweupe saa saba mchana huwezi kuukanyaga peku. Nimeandika Mtwara Mjini na Lindi pwani, na ndivyo nilivyomaanisha. Kama kwako inakubali bila chanja, endelea, lakini usimwambie jirani yangu wa Shangani aache.

Mzee wa Newala: Marahaba. Hapo kwenye mchanga nimekuelewa.

Dada Mwajuma: Miche yangu inaanguka ikiwa midogo kabisa, ina majani mawili tu. Nikiangalia chini, shina limebana kama limefungwa uzi, jani lenyewe bado kijani.

Mwandishi: Hicho ni kinyausi. Ni vimelea vya ukungu vilivyomo kwenye udongo, vinapenda unyevu na msongamano. Iliyoanguka ing'oe pamoja na udongo wake kidogo, tupa mbali. Iliyobaki ipunguze iachane, acha kumwagilia jioni, maji yawe asubuhi tu, na chanja iinue hewa ipite. Mwakani kitalu kihamie mahali pengine. Na nakupongeza kwa kuinama ukaangalia shina. Wengi wanaona mche umeanguka wanaongeza maji, ndiyo wanakilisha kinyausi.

Fundi Saidi: Mifuko ya salfa iliyobaki baada ya kupulizia mikorosho naweza kuotesha miche? Ninayo mingi.

Mwandishi: Hapana.

Fundi Saidi: Nikiiosha?

Mwandishi: Hapana kaka. Mfuko uliobeba dawa usibebe chakula. Kata ndoo zilizopasuka au madumu ya mafuta ya kula, toboa chini.

Mwanafunzi wa Ligula: Samahani, swali langu si la miche. Kwenye mnazi wetu mnana wameanza kusuka viota wiki hii. Bibi anasema wakisuka ujue mvua imefika. Ni kweli wanajua, au wanafuata?

Mwandishi: Swali zuri mno, kaa nikueleze. Mnana anasuka kwa majani mabichi, yaliyokauka yanakatika yakikunjwa. Majani hayo anayapata mvua ikiwa imeshanyesha mahali fulani, au anachana utepe kwenye kuti la mnazi, ndiyo maana utaona makuti ya juu yamebaki njiti. Na makinda yake hawalishi punje peke yake, anawalisha wadudu, na wadudu wanazaliwa kwa wingi mvua zikianza. Kwa hiyo bibi yako hajakosea, ndege na mvua vinakwenda pamoja, ila mimi sipandi kwa kumwangalia yeye. Kaa chini ya mnazi huo asubuhi moja. Anayesuka ni dume. Akimaliza ananing'inia mlangoni anapigapiga mabawa kumwita jike, jike anaingia anakagua, asipokipenda anaondoka. Kiota kikikaa bila mwenyewe hadi kikauke rangi, dume anakifumua mwenyewe anaanza kingine pale pale. Chini ya mnazi wangu naokota viota vilivyofumuliwa, navitandaza kati ya mistari badala ya nyasi. Usiwafukuze, wale viwavi wanaowapelekea watoto wao wangekuwa kwenye bilinganya zako.

Mwanafunzi wa Ligula: Leo nimekaa. Nimemwona akifumua! Anachomoa jani moja moja, analidondosha.

Mwandishi: Umenifurahisha sana.

Baba Shabani: Na kunguru je? Vifaranga kumi, wamebaki wanne.

Mama Rehema, Lindi: Kunguru usimwache azoee. Mimi vifaranga nawaweka chini ya tenga wiki tatu za mwanzo, mama yao nje anazunguka. Na utumbo wa samaki naufukia, situpi jalalani.

Mwandishi: Sikilizeni hilo la utumbo wa samaki. Kunguru hawa wa kijivu shingoni si wa kwetu, waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka, na mpaka leo wanafuata taka. Uani kukiwa safi wanapungua. Sasa turudi kwenye miche.

Kijana wa Chikongola: Nimesoma yote mkuu, samahani kwa jana. Niko siku ya nne, leo kumekucha mawingu. Kwa hiyo kesho ndiyo siku ya nne?

Mwandishi: Ndiyo hasa, mdogo wangu. Ukihamisha nipigie picha nione.

Dada Mwajuma: La mwisho. Mbegu za nyanya chungu za dukani mwaka jana hazikuota hata nusu. Naweza kutoa kwenye tunda la sokoni?

Mwandishi: La sokoni linakuwa changa, mbegu hazijakomaa. Chagua shina moja lililozaa vizuri, acha matunda mawili yaive mpaka yawe mekundu na yaanze kulainika. Yapasue, mbegu zikandekande kwenye bakuli la maji. Zinazoelea mwaga, zilizozama chuja, anika kivulini juu ya ungo siku nne au tano, usianike juani. Zikikauka mpaka zinateleza mkononi, tia kwenye chupa pamoja na majivu makavu, ufunge kizibo. Lakini hizo ni za mwakani. Kwa mwaka huu ninazo za mbegu ya mama yangu, zile ndogo zenye michirizi, chungu hasa. Nitakupa za kujaza kizibo cha soda. Zipande kabla ya tarehe 10 Desemba, zikichelewa zaidi ya hapo ule ukame wa Februari utazikuta bado changa.