Jinsi ya kuuchunguza utalii kianthropolojia bila kuishia kushangaa watalii

Wengi wakiamua kuusoma utalii kwa jicho la anthropolojia (elimu ya kuwasoma watu na maisha yao kwa kukaa nao) wanaanza na mtalii, wanakaa pembeni na daftari wanaandika kavaa kofia gani, kapiga picha ngapi, kagombana bei na nani, wiki mbili zikiisha daftari limejaa vichekesho ila utafiti hamna. Najua kwa sababu na mimi nilianza hivo hivo. Mtalii ni rahisi kumcheka, ndo ubaya wake.

Ushauri wangu, anza na aliye kazini. Utalii ukiuangalia vizuri ni likizo ya mtu mmoja ndani ya sehemu ya kazi ya mtu mwingine, wakati mwingine ndani ya mtaa anaoishi kabisa, sasa ukianza na yule anayebadilisha mashuka, dereva, muuza vitu vya ukumbusho, mcheza ngoma wa hotelini, utayaona mambo ambayo mgeni akikaa siku nne hawezi kuyaona hata aambiwe.

Chagua kitu kidogo. "Athari za utalii kwa jamii" sio mada, hiyo ni bahari. Chukua ufukwe mmoja, geti moja la hifadhi, onyesho moja la jioni, afu uliza maswali yanayojibika kwa macho na masikio: nani anaruhusiwa kuongea na wageni na nani anawekwa jikoni asionekane, nani anaamua onyesho liishe saa ngapi, bakshishi inagawanywaje. Kaa msimu wa wageni na ukae pia msimu mkavu, wageni wakiwa wachache, tena huo wa pili usiuruke kabisa maana hapo ndo utajua nani kasimamishwa kazi, nani karudi kuvua au kulima, nani ana deni, na watu wanakuwa na muda wa kukaa na wewe. Na jifunze ile lugha wanayoongea wageni wakishaondoka, sio ile ya kuwakaribishia. Majina ya utani waliyobandikwa wageni peke yake ni sura nzima ya ripoti.

Sasa tuje kwenye baraza na uani, yaani kinachoonyeshwa wageni na kinachofichwa, hapa usiwe na haraka. Mwaka 1973 mwanasosholojia Dean MacCannell alichukua wazo la mwenzake Erving Goffman kwamba maisha ya watu yana upande wa mbele unaoonyeshwa na upande wa nyuma unaofichwa, akaliingiza kwenye utalii. Alichosema ni kwamba mtalii hatosheki na barazani, anataka aingie uani aone maisha yenyewe, na wenyeji wakishalijua hilo wanamtengenezea uani wa maonyesho, yaani jikoni lililopangwa ili lionekane halijapangwa. Kwa hiyo ukisikia "karibu uone maisha yetu halisi" usikimbilie kuuliza ni ya kweli au feki, swali hilo litakupotezea miezi. Uliza nani kasema ni halisi, nani anafaidika ikiaminika hivyo, na nini kimetolewa nje ya fremu.

Mfano mzuri uko Kenya, kwenye ranchi ya familia ya Mayers, ambapo wageni walikuwa wanaangalia Wamaasai wakicheza afu wanaenda kunywa chai kwenye bustani ya nyumba ya walowezi. Watafiti Edward Bruner na Barbara Kirshenblatt-Gimblett waliandika habari hiyo 1994, na kinachovutia sio ngoma, ni vile vitu ambavyo wachezaji walitakiwa wasionekane navyo, saa za mkononi, fulana. Ile orodha ya vilivyokatazwa inakuambia wageni wamelipia nini: wamelipia zamani. Onyesho lenyewe lilikuja kusitishwa kwa sababu lilinuka ukoloni mno. Kwa hiyo ukifika fildi, yaani kule unakofanyia utafiti, tafuta orodha kama hiyo, kila sehemu inayo hata kama haijaandikwa.

Ila jihadhari na hadithi ya "pesa iliingia, utamaduni ukafa". Mwanaanthropolojia Davydd Greenwood aliisimulia vizuri kabisa 1977, akaeleza mji wa Fuenterrabia, Hispania, wa Wabasque (watu wenye lugha na utambulisho wao wenyewe), ambao kila mwaka wanafanya gwaride la Alarde kukumbuka walivyohimili kuzingirwa na Wafaransa mwaka 1638. Mwaka 1969 halmashauri ya mji ikaamua gwaride lifanyike mara mbili siku hiyohiyo ili wageni nao waone, na muda si mrefu kuwapata washiriki kukawa shida, kitu walichokuwa wanajifanyia wenyewe kikawa kama kibarua. Inauma. Lakini baadaye Greenwood mwenyewe akarudi kulegeza hukumu yake, akakiri kwamba Alarde ilikuja kupata uzito mpya wa kisiasa kwa Wabasque. Angefunga daftari mapema angebaki na msiba tu. Mi naheshimu sana mtafiti anayejirekebisha hadharani, wako wachache.

Nguvu zinazosukuma utalii huwezi kuziona ukiwa umekaa ufukweni, inabidi uzifuate. Njia ninayoiamini ni kushika kitu kimoja, kitanda cha usiku mmoja kwa mfano, na kukirudisha nyuma hatua kwa hatua: nani alilipwa, kwa sarafu gani, katika nchi gani, kabla hakijamfikia anayekitandika. Ukifanya hivyo utagundua sehemu kubwa ya hela mara nyingi haifiki hata kwenye nchi yenyewe, inabaki kwa shirika la ndege, kwa wakala, kwenye mtandao wa kubuku vyumba. Mwanaanthropolojia Dennison Nash aliuita utalii sura mojawapo ya ubeberu, maana maamuzi yanakaa kule watalii wanakotoka. Kuna ukweli mwingi hapo, ila ukimshika Nash kwa mikono miwili wenyeji wanageuka vikaragosi na hao watu wana akili na mipango yao, wanapigania kamisheni kama mtu mwingine yeyote.

Afu uliza huyo mgeni kapata wapi muda wa kuja. Likizo yenye malipo haikushuka toka mbinguni, wafanyakazi Ufaransa waliipata wiki mbili kisheria 1936 baada ya migomo mikubwa, na mwaka huohuo Shirika la Kazi Duniani likapitisha mkataba wake wa likizo. Ongeza ndege za jeti, ongeza pasipoti (wengine wanaingia kwa kugonga muhuri, wengine wanaombwa makaratasi ya benki), ongeza serikali zinazohitaji fedha za kigeni, ndo utaelewa kwa nini wasafiri wa kimataifa walikuwa kama milioni 25 mwaka 1950 na 2019 wakakaribia bilioni moja na nusu. Mwaka 2020 korona ikakata zaidi ya asilimia 70, na aliyekuwa fildi kipindi hicho aliona nani alikuwa na akiba na nani alikuwa anaishi kwa siku. Siku hizi weka na mitandao ya kupangisha nyumba kwenye orodha yako, Barcelona meya alitangaza 2024 kwamba leseni za apatimenti za watalii, zaidi ya elfu kumi, hazitaendelea baada ya Novemba 2028, maana wakazi wameshindwa kodi. Hapo aliye kazini na aliyefukuzwa mtaani anaweza kuwa mtu yuleyule.

Kuhusu wewe mwenyewe: utaonekana mtalii, usipoteze nguvu kubisha. Bruner aliwahi kuongoza msafara wa Wamarekani Indonesia na akaandika alivyokuwa anayumba, dakika hii mtafiti, dakika hii mtalii. Hilo kuyumba ni data, liandike kila jioni.

Mambo ya kamisheni kati ya waongoza wageni na maduka watakuambia wakikuzoea, na hapo usiandike jina, duka, wala siku, mtu atafukuzwa kazi kwa aya yako moja. Rasimu ikiwa tayari irudishe uwasomee waliokupa habari. Watakukosoa sehemu ambazo hukuzitegemea, mimi hoja niliyokuwa najivunia walinyamaza tu wakaruka, afu wakabishana saa nzima kuhusu nani hasa hupewa bakshishi ya mwisho mgeni akiwa anapanda gari, na ile saa moja ndo ilinirudisha fildi msimu mwingine.