Kambi ikiisha urafiki usiishe: jinsi ya kuwaweka madogo wa kambi pamoja toka Juni hadi Juni

Habari zenu walezi wenzangu. Nimeulizwa sana hili swali na watu wa Kasulu, Uvinza mpaka Tabora huko, eti nyie mnafanyaje watoto wenu bado wanajuana mpaka mwaka unaofuata, wakati wa kwetu wakishuka tu stendi ndo basi tena. Nina miaka nane kwenye hii kazi. Kambi yetu ni wiki moja tu, likizo ya mwezi wa sita, hapa Kigoma pembeni ya ziwa, watoto kama 40 hivi, wa Ujiji wanakuja na bodaboda, wa Kibondo na Kakonko wanakuja na basi, wa Tabora na Urambo wanakuja na treni. Wiki nzima wanakula sinia moja, wanalala hema moja, siku ya kuondoka wanalia mpaka na wewe mtu mzima unaenda kusimama pembeni. Afu baada ya wiki tatu, kimya.

Nimekuja kuona kwamba huu urafiki haufi kwa sababu watoto wamechokana, unafia kwenye simu. Simu ni ya mama, au laini imepotea, au mtoto karudi boding ambako simu hairuhusiwi kabisa, au bando limeisha na hakuna wa kumuwekea lingine. Kwahiyo ukiuweka urafiki wote ndani ya simu umeuweka pabaya. Uweke kwenye karatasi na kwenye tarehe, simu iwe msaidizi tu. Hatua zote hapa chini zinatokana na hilo.

Hatua ya 1: Daftari, na liandikwe siku moja kabla ya mwisho

Usisubiri siku ya kuondoka. Siku ya kuondoka kuna mabegi, kuna dereva anapiga honi, kuna mtoto hajaona kiatu chake, hapo namba zinaandikwa kwenye kiganja zinafutika kabla ya kufika Mwandiga, hapo tu nje ya mji. Sisi tunakaa siku moja kabla, baada ya chakula cha mchana, chini ya mwembe, daftari kubwa la kaunta buku na kalamu ya wino sio penseli.

Chora safu hizi: jina kamili, jina analoitwa kambini (hili msilidharau, kuna watoto wanajuana kwa majina ya kambini tu), shule na darasa, S.L.P. ya shule, kijiji au mtaa na jirani anayejulikana, namba ya simu na HIYO SIMU NI YA NANI. Hiyo ya mwisho ndo muhimu kuliko zote. Ukiandika namba tupu, mwezi wa tisa unapiga anapokea baba mtu mkali hujui uanzie wapi, ila ukiwa umeandika "ya mjomba, fundi baiskeli, apigwe jioni" unajua kabisa unaongea na nani na saa ngapi. Halafu ongeza kama simu ni janja au ni kitochi.

Namba ikitajwa, ipigwe hapohapo, hata kubipu tu. Mwaka fulani niliona uvivu kubipu nikaja kugundua namba sita kati ya 38 zilikuwa zimekosewa tarakimu moja, na wale watoto sita ndo tuliowapoteza mwaka ule. Sita! Bado naumia nikikumbuka, mmoja alikuwa ndo mpiga ngoma wetu.

Jioni yake kila mtoto anakopi namba za wenzake wa hema lake kwenye karatasi yake mwenyewe, kwa mkono wake. Wewe piga picha kurasa zote, na daftari lenyewe likae kwa mtu wa pili, sio kwako tena.

Hatua ya 2: Wazazi kwanza

Ndani ya siku tatu watoto wakishafika, tuma meseji kwa kila mzazi. Meseji ya kawaida sio WhatsApp, maana wengi wana vitochi. Mimi natuma hivi:

"Shikamoo mama. Mimi ni mlezi wa kambi aliyokuwepo binti yako. Alikuwa mtoto mzuri sana, alipika vizuri na wenzake wanamkumbuka. Wenzake watatu wa hema wangependa kuendelea kuwasiliana naye kupitia simu yako, mara moja kwa mwezi. Naomba ruhusa yako. Asante."

Tafuta sifa moja ya kweli kwa kila mtoto, usikopi na kupesti sifa moja kwa wote, wazazi wanaonyeshana. Mzazi aliyeombwa ruhusa kwa heshima hata mtoto akiwa boding atakuja kukwambia mwenyewe "mlezi, amerudi, ongea nae". Mzazi ambaye hajaombwa anaona namba ngeni inamtafuta binti yake usiku, ana haki kabisa ya kublock.

Na hapa niwe mkali kidogo. Hawa ni watoto. Mtu mzima hamtumii mtoto meseji za pembeni, chochote kiende kwa mzazi au kwenye grupu ambalo lina walezi wawili, mwanaume na mwanamke. Picha za watoto hazipandishwi stetasi bila mzazi kukubali. Kama kuna mlezi anaona hili ni usumbufu basi kambi sio mahali pake.

Hatua ya 3: Vunja grupu kubwa

Wengi wanafungua grupu moja la watu 40 siku hiyohiyo. Wiki ya kwanza picha 200, wiki ya pili maua ya habari za asubuhi, wiki ya tatu watu wame-mute, ya nne mtu katuma tangazo la mkopo. Grupu kubwa tunalo ila ni la matangazo tu, admini ndo wanaandika.

Urafiki wenyewe unakaa kwenye wanne wanne. Wale waliolala hema moja, au waliopika zamu moja. Kila mwezi mmoja kati yao anakuwa wa zamu, kazi yake ni moja, kuhakikisha amewafikia wale watatu, iwe kwa simu, kwa barua au kwa kumtuma mtu. Mtoto wa zamu hajui la kusema? Mpe swali. Mfano "nyumbani kwenu mnavuna nini sasa hivi" au "nani ameota jino". Usimwambie "wasalimie wenzako" maana salamu inaisha kwa dakika moja.

Wenye simu janja watumie voisi noti badala ya video, MB zinaenda kidogo sana na sauti ya mtu inabeba vingi. Wa kwetu wa Kasulu wanaanza na salamu ya kwao "Mwakeye", wa Tabora wanajibu na ya kwao "Mwangaluka", mpaka sasa watoto wa Ujiji nao wanazijua zote mbili.

Hatua ya 4: Siku ya mbalamwezi

Hii ndo naipenda kuliko zote. Tulikuwa tunawapa watoto tarehe, mfano kila tarehe 15, wanasahau, hasa wa boding ambao hawana simu ya kuwakumbusha. Sasa kambini tulikuwa tunakaa usiku ufukweni tunaangalia taa za wavuvi wa dagaa, ukiziona kwa mbali kama mji umewaka juu ya maji. Mzee mmoja mvuvi alikuja kuwaeleza watoto kwamba dagaa wanafuata mwanga wa taa, ila mwezi ukiwa mpevu maji yote yanakuwa na mwanga, taa haina nguvu, kwahiyo siku hizo wavuvi wanapumzika na ziwa linabaki giza. Mtoto mmoja wa Urambo akauliza, kwahiyo mimi nikiuona mwezi mkubwa kule kwetu, huku hakuna taa? Mzee akamwambia ndiyo, ukiuona hivyo jua tumelala.

Tangu siku hiyo tarehe yetu ni mwezi mpevu. Haihitaji bando. Mtoto yuko bweni Tabora anatoka kwenda prepo anauona, wa Kakonko yupo kwao anauona, wa Ujiji anaangalia ziwa halina taa hata moja. Wenye simu wanapiga usiku huo au kesho yake, wasio na simu wanaandika barua wiki hiyo. Nyie mlio mbali na ziwa tafuteni cha kwenu, ila kiwe kitu mtoto anakiona kwa macho bila kuambiwa na mtu.

Hatua ya 5: Barua kwa walio boding

Watoto wa sasa wengi hawajawahi kuandika barua kwahiyo fundisheni kambini, nusu saa inatosha. Bahasha iwe na jina kamili la mwanafunzi, kidato na mkondo wake, jina la shule, S.L.P. na mji. Ukiandika jina la utani barua inakaa ofisini mpaka inageuka rangi.

Shule nyingi barua inafunguliwa na mwalimu au matroni kabla ya kumfikia mtoto. Sawa tu, andikeni vitu ambavyo matroni akisoma atatabasamu. Ila waambieni watoto hilo mapema, wasije wakaandika siri za watu.

Wakati nao una maana. Wiki mbili baada ya shule kufungua ndo nzuri, mtoto ana upweke na hana mtihani. Darasa la saba wana mtihani wao Septemba, form four ni Novemba, kwahiyo kuanzia mwezi mmoja kabla usidai majibu. Badala yake hema lake lote linamtengenezea kadi ya mafanikio, manila iliyokunjwa, kila mmoja sentensi yake. Tuna kijana alimaliza form four akaja kambini mwaka uliofuata kama msaidizi, ile kadi ilikuwa ndani ya begi lake imefungwa na nailoni.

Hatua ya 6: Mzigo

Mara moja kwa mwaka, kati ya Septemba na Oktoba, watoto wa upande mmoja wanawatumia wenzao wa upande mwingine kitu cha kwao. Toka Kigoma ni dagaa wakavu na mawese, toka Tabora ni asali. Ni zaidi ya kilomita 400 za reli kwahiyo tunatafuta mtu anayesafiri kwanza, akikosekana tunatuma kwa basi. Ukituma kwa basi andika jina na namba ya mpokeaji juu ya boksi pande mbili, chukua risiti, chukua namba ya kondakta, mpigie mpokeaji gari likishaondoka.

Barua zisikae boksi moja na mawese. Mimi nilifunga mwenyewe chupa, nikaona kizibo kimekaza, nikaweka na barua 12 pembeni. Zilifika Tabora zote rangi ya machungwa. Watoto walizianika kwenye kamba kama nguo wakazisoma zikiwa zinanukia mawese, na walifurahi, lakini mbili zilikuwa zimeandikwa kwa kalamu ya maji na hazikusomeka tena. Aliyeziandika alilia. Siku hizi barua zinaenda kwenye bahasha ya peke yake mkononi mwa mtu.

Hatua ya 7: Kuonana Desemba

Sio lazima wote, na sio lazima hela. Desemba ni mvua, barabara za vijijini ni tabu, kwahiyo tunafanya vituo viwili. Wa upande huu wanakutana Ujiji pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley walipokutana 1871, kuna miembe na kivuli, kila mmoja anakuja na chakula chake. Wa Tabora wanakutana kwao, mwaka mmoja walienda Kwihara kwenye ile tembe ya Livingstone, ikawa vizuri maana pande zote mbili zilikuwa na hadithi ya mtu mmoja ya kusimuliana. Saa saba mchana pande zote mbili zinapigiana simu, spika juu, wanaimba wimbo wa kambi. Mtandao unachelewesha sauti kwahiyo upande mmoja unaimba nyuma ya mwingine, waacheni tu.

Hatua ya 8: Aliyekaa kimya

Kila mwaka wapo. Usimtangaze kwenye grupu eti "fulani katususa". Fungua daftari, piga namba ya kwanza, haipatikani, nenda kwa jirani, nenda shuleni. Kuna binti wa Kibondo alikaa miezi saba hajulikani alipo. Wenzake watatu waliendelea kumuandikia kila mwezi mpevu kupitia S.L.P. ya shule, ingawa hakuna aliyejibu. Kumbe alikuwa amehamishiwa kwa bibi yake baada ya kufiwa, na mwalimu wake alikuwa anazitunza zile barua kwenye droo. Likizo bibi alipoenda kufuata uhamisho akapewa barua zote kwa pamoja. Alipiga simu usiku huohuo kwa simu ya bibi, hakusema kitu, alikuwa analia tu na mwenzake upande huu analia, dakika nne mpaka salio likaisha.

Juni alikuja. Usiku wa kwanza kambini huwa tunafungua daftari la mwaka jana, tunakata namba zilizokufa na kuandika mpya. Yeye alichukua kalamu akafuta namba ya mama yake taratibu na rula, akaandika ya bibi, na pembeni akaongeza safu ambayo hatukuwa nayo: "nisipopatikana muulizeni nani". Sasa hivi hiyo safu ipo kwa kila mtoto, na nyie mkichora daftari lenu msiiache.